Taa ya Pistoni Inaposumbua: Kutoka Dalili Hadi Chanzo

Pistoni iliyong'arishwa, konrodi yake ikiwa ndiyo shingo, gia au diski ya breki chini kama kitako, na balbu juu. Hiyo ndiyo taa ya mezani ambayo wengi huanza nayo, kwa sababu vipande vyake hupatikana kwa bei ya chuma chakavu Gerezani pale Dar es Salaam, Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi, au nyuma ya gereji yoyote ya mtaani. Ni taa nzuri na inaweza kudumu kuliko aliyeitengeneza. Ila kila kipande chake kilitengenezwa kwa kazi nyingine: kusogea, kuogelea kwenye oili, kuondoa joto haraka. Taa inataka kutulia, kuwa kavu, na kuutenga umeme na chuma. Matatizo karibu yote nitakayoyaeleza hapa yanatoka kwenye mgongano huo, kwa hiyo dalili ikijitokeza usikimbilie kubadilisha balbu. Jiulize kwanza kipande kile kilikuwa kinafanya nini ndani ya injini.

Utahitaji multimita, bisibisi, msasa, na uvumilivu wa kuifungua taa upya. Testa pekee haitoshi, na sababu yake utaiona sasa hivi.

Mwili wa taa unatekenya vidole au unapiga shoti

Hii ishughulikiwe kabla ya nyingine zote, hata kama shoti ni ndogo na mtu anakwambia ndivyo chuma kilivyo. Sivyo. Chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi ya taa hakutoshi, maana swichi ikiwa imefungwa kwenye nyutro (waya wa kurudishia umeme), waya wa moto unabaki hai mpaka ndani ya holda.

Chanzo kikubwa kuliko vyote ni waya wa nyuzi mbili. Taa ya plastiki huweza kuuvumilia, lakini taa ambayo mwili wake wote ni chuma haiwezi. Weka waya laini wa nyuzi tatu, ukubwa wa 0.75 mm² unatosha kabisa kwa taa: kahawia ni moto, bluu ni nyutro, kijani chenye mstari wa njano ni ethi, yaani waya wa kupeleka umeme wa hitilafu ardhini. Plagi nayo iwe ya pini tatu, na ndani yake uitoe fyuzi ya ampia 13 uweke ya ampia 3. Plagi ya pini mbili inayosukumwa kwenye soketi kwa kijiti cha kufungulia tundu la juu haina ethi kabisa, na mtindo huo ukiwa na taa ya chuma ni kucheza na roho za watu wa nyumbani mwako.

Chanzo cha pili ni cha taa hizi hasa. Ethi ipo, imefungwa vizuri kwenye gia ya chini, lakini haifiki juu. Pini ya pistoni haikukazwa, imeachiwa nafasi ndogo ili oili ipite na konrodi icheze. Alumini ya pistoni nayo hujivika utando wa oksidi usiopitisha umeme vizuri, na juu ya hapo pengine umepiga rangi au vanishi. Matokeo yake, kitako kina ethi na kichwa hakina, nacho kichwa ndicho kinachobeba holda. Dawa ni kufunga ethi kwenye kila kipande kinachoweza kucheza au kilichotenganishwa na rangi. Kwangua rangi mpaka chuma kionekane, weka lagi ya mviringo iliyobanwa kwenye waya, halafu uweke washa (kijipete cha chuma) yenye meno ili iume chuma, kisha nati. Usiishike ethi kwa gundi, wala kwa skrubu ileile inayobana kitu kingine ambacho mtu atakuja kukifungua kesho.

Chanzo cha tatu ni ganda la waya lililokatwa. Tundu ulilotoboa kwa keekee lina makali ukingoni, na mfereji wa ringi ni mkali kama wembe. Waya ukipita hapo na taa ikiwa inahamishwa kutoka meza hadi meza, ganda linasagika kidogo kidogo hadi shaba inagusa chuma. Kila tundu la kupitisha waya lipigwe msasa, liwekwe mpira wa kupitishia, na waya ubanwe mahali unapoingilia kitakoni ili mtu akiukwaa uzito usiende kwenye skrubu za holda. Fundo la waya linalofungwa ndani halitoshi kwenye taa nzito.

Chanzo cha nne huwapata mafundi magari wazuri, na nakiandika kwa msisitizo kwa sababu kinaua. Kwenye gari, bodi ndiyo njia ya kurudishia umeme kwenye betri, hivyo fundi amezoea kufunga waya mmoja na kuliachia chuma kazi ya wa pili. Kwenye umeme wa nyumbani wa volti 230, chuma cha taa hakirudishi kitu chochote. Ethi yake hukaa bila umeme miaka yote ikisubiri siku moja ya hitilafu. Usiunganishe nyutro na mwili wa taa hata kidogo, kwa sababu siku plagi au soketi ikigeuzwa moto na nyutro, taa nzima inakuwa moto.

Sasa vipimo. Taa ikiwa imechomolewa na balbu imetolewa, weka multimita kwenye omu. Ncha moja ishike pini ndefu ya plagi, yaani ya ethi, nyingine iguse chuma kitupu cha kitako, kisha konrodi, kisha utosi wa pistoni, kisha ganda la holda kama ni la chuma. Kila mahali isome chini ya omu 1. Tikisa pistoni unapopima; namba ikirukaruka, mahali hapo ethi haikai. Halafu washa swichi ya taa, ncha moja kwenye pini ya moto na nyingine kwenye mwili, kisha rudia kwa pini ya nyutro. Hapo multimita isisome kitu, hata kwenye kipimo kikubwa kabisa. Ukimpata fundi umeme mwenye mega (kipimo cha ubora wa ganda la waya), mwombe apime kwa volti 500, kwa sababu multimita hupima kwa betri ndogo na haiwezi kuona ganda lililokonda ambalo litavunjika chini ya umeme halisi.

Testa inadanganya kwa namna hii: chuma kisicho na ethi kilicholala sambamba na waya wa moto huokota umeme kidogo bila hata kuguswa, na testa inawaka. Hapo unaweza kubomoa taa ukitafuta mguso usiokuwepo, kumbe kinachokosekana ni ethi tu.

Na kama nyumba yenyewe haina ethi? Nyumba nyingi hazina, au nondo yake ilikatika zamani. Kwa nyumba ya namna hiyo ushauri wangu ni mmoja: tengeneza taa ya volti 12. Balbu ya LED ya wati 5 kwa volti 12 inavuta ampia 0.4 hivi, inafanya kazi moja kwa moja na betri ya sola, na mwili wake ukiguswa hauumizi mtu. Weka fyuzi ya ampia 1 karibu na betri, maana betri haipigi shoti mtu lakini inaweza kuchoma waya na meza.

Ukiwasha, breka inaanguka au fyuzi inakatika

Breka ikianguka papo hapo, moto umegusa nyutro au umegusa mwili wenye ethi. Toa balbu ujaribu tena. Ikitulia, balbu ndiyo mbovu. Ikianguka tena, angalia mahali matatu: ndani ya plagi ambako nyuzi moja ya shaba imetoroka skrubu yake, shingoni mwa holda, na pale waya unapopita kwenye tundu. Usiongeze ukubwa wa fyuzi ili ivumilie. Nyumba zenye breka inayohisi uvujaji zitaikataa taa ambayo nyumba nyingine inaikubali, na hapo ni taa yenye kosa. Mara nyingi ni unyevu au uchafu wa kaboni ndani ya holda iliyokaa karibu na pistoni isiyosafishwa. Kaboni inapitisha umeme.

Mwanga unacheza, au balbu inamulika kidogo hata ikiwa imezimwa

Gusa taa kwa kidole. Mwanga ukibadilika, tatizo ni mguso. Kwenye holda ya pini, chemchemi za ndani huchoka kwa joto na kushindwa kusukuma. Kwenye holda ya kuzungusha, ulimi wa katikati umelala. Chomoa plagi, uinue kidogo kwa bisibisi. Ukiwa hapo hakikisha kwamba waya wa moto umefungwa kwenye ulimi huo wa katikati na nyutro kwenye ganda lenye uzi, maana mtu anayebadilisha balbu hushika karibu na ganda hilo.

Kama umepaka lehemu ncha za waya kabla ya kuzibana na skrubu, ziondoe. Lehemu ni laini, inakubali kubonyea polepole chini ya skrubu, na baada ya miezi mguso unalegea. Tumia vichwa vya kubana, au sokota nyuzi za shaba zenyewe na uzikaze.

Pistoni inayocheza kwenye pini yake nayo huvuta waya kila inapoguswa. Watu wengi wanaupenda mchezo huo, kugeuza kichwa cha taa kuelekea kitabu, na hakuna ubaya mradi kuna kizuizi. Weka bolti ndogo inayozuia pistoni kuzunguka zaidi ya nusu duara, na acha waya wa ziada ndani wa urefu wa kidole.

Kisha kuna swichi za mapambo. Swichi ya ufunguo ya pikipiki inapendeza mno kwenye taa hizi, ila ilitengenezwa kwa volti 12 na mara nyingi ganda lake ni chuma. Itumie kwenye taa ya volti 12 pekee. Kipunguza mwanga cha zamani, kile cha balbu za nyuzi, kinahitaji mzigo mkubwa kuliko wati 5 ndipo kitulie. Ukikitumia na LED mwanga utachezacheza hata kama kila kiungo kimekazwa. Na LED inayomulika kama kimulimuli baada ya kuzimwa inakwambia swichi inakata nyutro badala ya moto, au swichi ina kitaa kidogo ndani yake. Ile ya kwanza irekebishe siku hiyohiyo.

Balbu zinakufa haraka

Pistoni iliyogeuzwa mdomo chini inafanana na kofia ya taa, na ndiyo maana watu huzamisha balbu ndani yake. LED haipendi kufungiwa. Diodi zenyewe ni imara, ila kifaa cha kugeuza umeme kilicho kwenye shingo ya balbu kina kapasita inayokauka kwa joto, na ndani ya pistoni hewa haina pa kutokea. Toboa matundu juu, karibu na utosi, ili hewa moto ipande. La sivyo isogeze balbu nje na uchague ya wati 4 au 5. Balbu ya nyuzi ya wati 60 usiifikirie, kwani sehemu kubwa ya umeme wake ni joto, na alumini italipeleka joto hilo moja kwa moja kwenye holda na kwenye vidole vya mtoto.

Ukiona balbu zinakufa na chumba kizima zinakufa, basi ni umeme unaopanda na kushuka. Taa yako haina kosa.

Moshi na harufu

Zitenganishe harufu mbili. Harufu kama ya samaki ni plastiki ya holda au ya plagi inayopata joto kupita kiasi: chomoa mara moja, usiwashe tena mpaka umepata kiungo kilicholegea. Harufu ya oili iliyoungua, pamoja na moshi mwembamba wa bluu dakika kadhaa baada ya kuwasha, ni usafi ambao haukukamilika.

Oili hujificha. Futa pistoni mpaka ing'ae na bado itatoa jasho, kwa sababu oili imekaa nyuma ya ringi, kwenye vitundu vilivyo ndani ya mfereji wa ringi ya oili, ndani ya uwazi wa pini, na kwenye bushi ya shaba ya konrodi. Kranki ni mbaya zaidi, ina njia nyembamba za oili ndani ya chuma chenyewe. Vua ringi zote kwa uangalifu, zinakata. Toa pini. Kama imeshikwa kwa klipu pembeni, ng'oa klipu na uisukume. Kama imebanwa kwa nguvu usiigonge kwa nyundo: tumbukiza pistoni kwenye maji yanayochemka. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na pini ambayo imeng'ang'ania tu huachia hapo. Isipoachia, ipeleke kwenye presi.

Loweka vyote kwenye mafuta ya taa usiku kucha, sugua kwa brashi, osha kwa maji moto na sabuni ya vyombo, rudia. Kisha weka vipande kwenye oveni ya nyuzi joto 100 hivi kwa saa moja. Vikitoa jasho la kahawia, rudi mwanzo. Petroli usiitumie, mvuke wake unalipuka. Magadi makali ya kutengenezea sabuni, yaani kostiki, yanakula alumini na kutoa gesi ya hidrojeni. Pistoni itatoka imechimbika.

Masizi ya utosini usiyasage yakiwa makavu. Nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa 2006, na injini zilizofanya kazi kabla ya hapo bado zina risasi kwenye masizi yake. Lowesha, vaa glavu, zoa tope lake, osha mikono kabla ya kula.

Kutu inarudi, rangi inabanduka

Mombasa, Tanga na Unguja gia iliyooshwa asubuhi huweza kuwa na wekundu jioni. Chuma kikitoka kwenye maji kikaushwe kwa joto palepale, kifutwe kwa thina, kipigwe vanishi au nta kabla hakijapoa kabisa. Rangi inayobanduka kama ganda la yai ina oili chini yake, rejea sehemu ya juu. Kwenye alumini rangi ya kawaida haishiki bila praima yake maalumu.

Madoa madogo ya kutu juu ya pistoni ya alumini huwashangaza watu, kwa sababu alumini haishiki kutu nyekundu. Ni chembe za chuma zilizoachwa na brashi ya waya. Tumia brashi ya shaba. Na unga mweupe kuzunguka bolti ya chuma iliyoingia kwenye alumini ni metali mbili kulana mbele ya chumvi. Fungua, safisha, paka grisi, rudisha kwa bolti isiyoshika kutu.

Biti inaungua, kiungo kinapasuka

Pini ya pistoni, meno ya gia na kamshafti vimekomazwa kwa moto ili visilike. Biti ya kawaida ya keekee itateleza na kuungua. Usishindane navyo, tafuta tundu ambalo tayari lipo. Pini ina uwazi, gia ina tundu la shafti, konrodi ina bolti zake mbili zinazoweza kukumbatia bomba. Pistoni yenyewe inatobolewa kirahisi, ukiidondoshea mafuta ya taa ili alumini isigande kwenye biti. Holda nyingi zina bomba lenye uzi wa milimita 10 kwa hatua ya 1, uzi uleule wa plagi ndogo za kuwashia injini za baadhi ya pikipiki, hivyo tapu ya kusafishia tundu la plagi hizo inakukatia uzi wa holda.

Chuma cha kuyeyusha, kama flaiwili na diski ya breki, kikichomelewa baridi hulia na kupasuka kikipoa. Kinahitaji kupashwa kwanza, vijiti vya nikeli, na kupozwa polepole ndani ya majivu au mchanga mkavu. Chuma na alumini haviunganiki kwa kuchomelea kwa vifaa vya gereji. Kwa taa, bolti ni bora karibu kila mara, tena inakuachia nafasi ya kufungua siku ya ukarabati.

Vitu vitatu usivikate, usivitoboe, usivichomelee. Valvu za ekzosi za baadhi ya injini zina sodiamu ndani, nayo ikikutana na maji inalipuka. Shokapu ina gesi na oili chini ya shinikizo. Klachi pleti, breki na gasketi za zamani huweza kuwa na asbesto, na vumbi lake likishaingia mapafuni halitoki. Jambo jingine: kipande kilichosafishwa kwa dawa ya breki yenye klorini kisipelekwe kwenye kuchomelea. Mabaki yake kwenye joto hilo hugeuka fosjini, gesi iliyowahi kutumika kama silaha ya vita.

Taa inayumba au inaanguka

Pistoni iko juu, konrodi ni nyembamba, na uzito wote unaning'inia mbali na meza. Weka taa juu ya ubao, inua upande mmoja wa ubao sentimita 17 kwa kila mita ya urefu wake, na uzungushe taa ikabili pande zote, kichwa kikiwa kimegeuzwa kadiri kinavyoweza. Ikianguka upande wowote, kitako ni kidogo. Diski ya breki ya gari dogo kwa kawaida inatosha. Sproketi ya pikipiki ni pana vya kutosha lakini nyepesi, iongezee gia chini yake. Ikiwa haianguki ila inatikisika ikiguswa, ni meno ya gia yasiyolingana mezani: bandika vipande vitatu vya mpira wa tyubu chini, vitatu na si vinne, na uache pengo waya upite bila kubanwa na kilo zote hizo.